Mita ya Shemeji

Mwenye duka la vifaa vya umeme alipomwona Fundi akiingia tena, aliweka kikombe chake cha chai chini, akafungua kabati la kioo bila kuulizwa kitu, akazitoa mita zote tatu za mkononi za kupimia umeme na kuzipanga juu ya kaunta.

"Leo unanunua, au umekuja kuzisalimia?"

"Nanunua," Fundi alisema. "Nataka tu kuziangalia mara ya mwisho."

"Hata juzi ilikuwa mara ya mwisho."

Fundi alijifanya hakusikia. Ya kwanza ilikuwa ya njano, nono, imejaa vitufe, ina tochi na kipimajoto. Nyaya zake za kupimia zilikuwa nyembamba kama za earphone. Ya pili ilikuwa imetumika. Mwenye duka aliapa kwamba ilitumika kidogo tu, lakini ncha zake zilikuwa zimeungua. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina pambo lolote, nyaya zake nene na laini, na ukiifungua kwa nyuma unaikuta fyuzi yenyewe ya kauri, si kile kibomba cha kioo. Bei yake ilikuwa sawa na akiba yote ambayo mkewe, Mama Pacha, aliipata kwa kusuka nywele za watu kibarazani.

Kwenye kampuni aliyoitumikia miaka yote hakuwahi kuwaza habari ya mita. Mita ilikuwepo stoo, unaichukua asubuhi unairudisha jioni. Siku kampuni ilipopunguza watu aliirudisha pamoja na kofia ngumu na buti, na hakutambua alichorudisha mpaka alipopata mteja wake wa kwanza mwenyewe. Alikuwa mama mmoja mfugaji wa vifaranga, ambaye mabomba yake ya bafuni yalikuwa yanapiga shoti. Fundi alikwenda na testa yake ya bisibisi, ile yenye kitaa ndani. Kitaa kiliwaka kwenye bomba, kikawaka kwenye hita, kikawaka hata ukutani palipolowa. Hakikumwambia umeme ni kiasi gani wala unatoka wapi. Alimwambia mama asioge hapo, atarudi na kipimo. Tangu siku hiyo mama alikuwa akipiga simu.

"Naomba niijaribu hii ya kijivu kwenye soketi yako," Fundi alisema.

"Ulishaijaribu."

"Nijaribu tena."

Simu yake ikaita. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja kwa sababu zamani aliwahi kusimamia kituo cha mafuta kwa muda mfupi, kazi ikaisha, jina likabaki. Siku hizi aliuza vipuri vya magari. Sauti yake haikuhitaji spika.

"Shemeji, nasikia uko dukani. Usinunue kitu hapo. Hao ni wezi watupu. Mimi nina mtu wangu, nakuletea kitu cha maana, mita ya mafundi wakubwa. Toka hapo sasa hivi."

Mwenye duka, aliyesikia kila neno, alianza kuzirudisha mita kabatini, moja baada ya nyingine, taratibu.

"Samahani," Fundi alisema.

"Haina shida, baba. Wasalimie nyumbani."

*

Meneja hakuwa na haraka. Kila Fundi alipomuuliza, alijibu, "Inakuja." Mama wa vifaranga naye akipiga simu, Fundi anamjibu vivyo hivyo. Hatimaye jioni moja waliitwa wote nyumba kubwa, yeye, mkewe na wale pacha wao wawili.

Wao waliishi vyumba viwili vya nyuma, kwenye uwanja huohuo. Nyumba ilikuwa ya Meneja, na tangu Fundi apoteze kazi Meneja hakuwa amewadai kodi. Hakuwahi hata kuitaja. Fundi angependa sana aitaje, angalau wabishane kidogo, lakini Meneja alikuwa anapita tu mlangoni asubuhi, anasalimia na kuuliza, "Mambo yanakwendaje, fundi mkuu?" na hiyo ilikuwa nzito kuliko kodi.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Meneja alisimama katikati ya sebule na boksi mkononi.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," alianza, kisha akasema mengi. Alizungumza juu ya mwanamume kujitegemea, juu ya mzigo wa familia, juu ya dada yake anayeumia vidole kwa kusuka. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali. Ndipo boksi likafunguliwa. Mita ilikuwa nyekundu, kubwa kuliko ile ya njano ya dukani, na Meneja alipoiwasha ilipiga kimuziki. Pacha wakacheka kwa furaha.

"Ina tochi," Meneja alisema. "Inapima joto. Inapima mpaka betri za saa. Nimeijaribu mwenyewe kwenye betri ya gari, imesoma sawasawa."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye nyaya. Zilikuwa kavu na nyembamba, na pale waya unapoingia kwenye plagi palikuwa na mkunjo mweupe.

"Mbona huongei?" mama mkwe aliuliza.

"Nimekosa la kusema, mama. Shemeji, ahsante sana. Mungu akuzidishie."

"Usinishukuru mimi. Ifanyie kazi," Meneja alisema, na alikuwa amefurahi kiasi kwamba alimbeba mmoja wa pacha na kumzungusha.

*

Usiku ulikuwa bado haujaingia sawasawa Fundi alipopiga magoti mbele ya soketi ya chumbani kwao. Mita ikasoma volti mia mbili thelathini na kitu. Akachomoa, akachomeka tena. Mia moja na tisini. Akaupinda waya mweusi kidogo karibu na plagi. Sifuri. Akaunyoosha, namba ikarudi.

"Umeona?" alimwambia mkewe.

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo za watoto. "Labda umeme wenyewe ndio unacheza."

"Taa imecheza?"

Aliangalia taa. Ilikuwa imetulia. "Si ufunge kwa selotepu hapo palipokatika."

"Mama Pacha, hiki si kiti kwamba ukifunga kamba unakalia. Hiki kikisema hakuna umeme, mimi natia mkono."

"Basi kamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ndiyo nakuuliza mimi. Utamwambia nini? Kwamba alichojinyima akakununulia ni takataka?" Aliitupa soksi kitandani. "Tunakaa bure hapa. Bure, baba. Mama ameshawaambia majirani wote kuhusu hiyo mita. Na mimi akiba nimeshampa fundi seremala wa ngazi, maana si ulisema kilichobaki ni ngazi?"

"Wewe ndiye uliyesema."

"Haya, mimi ndiye niliyesema. Siku zote mimi."

Walilala bila kuagana. Asubuhi Fundi alinunua nyaya nyingine kwa mchuuzi wa meza ya barabarani, lakini plagi zake hazikuingia kwenye matundu ya mita. Ziligoma kana kwamba nazo zilimjua Meneja. Akarudi nyumbani, akaufunga ule waya kwa selotepu nyeusi, akajiambia ataupima kila mara kabla ya kuuamini. Fundi yeyote mwenye akili hufanya hivyo hata kwa mita nzuri: unapima kwanza mahali unapojua kuna umeme, kisha unapima pale unapotaka kushika, kisha unarudi pale pa kwanza kuhakikisha mita haijafa njiani. Alilifanya hilo kila siku ya kazi yake, kama mtu anavyofunga mlango anapotoka.

*

"Leo nakusindikiza," Meneja alisema. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kutokea. "Nataka nione mita ikifanya kazi."

"Shemeji, usijisumbue. Ni bafuni tu."

"Sijisumbui."

Mama wa vifaranga aliwafungulia mlango akiwa tayari amekasirika. Alionyesha jinsi alivyofungua bomba siku hizi, kwa kuvaa sandali ya mpira mkononi. "Hivi ndivyo ninavyoishi," alisema. "Kwenye nyumba yangu mwenyewe. Wewe unaniambia kipimo kinakuja, kipimo kinakuja. Nikaita mwingine, akabadilisha bomba, akachukua hela, akaondoka. Bomba jipya nalo linapiga."

"Leo tunamaliza, mama," Meneja alisema kabla Fundi hajafungua mdomo. "Tumekuja na mtambo."

Fundi aliomba kuzima swichi kuu.

"Hapana. Nina mashine ya kutotolea chumbani, ina mayai yanayokaribia kuanguliwa. Yakipoa nimepata hasara ya msimu mzima. Zima ya bafuni peke yake."

Alikwenda kwenye boksi la umeme la ukumbini. Breka zilikuwa nyingi, kila moja imebandikwa karatasi, na kila karatasi imeandikwa na mkono tofauti. Ilionekana wazi mafundi wengi walipita hapo na hakuna aliyefuta kazi ya mwenzake. Akaipata iliyoandikwa "bafu". Akaizima. Taa ya bafuni ikazimika.

"Umeona," Meneja alimwambia mwenye nyumba. "Anajua kazi."

Fundi alichomeka ncha za mita kwenye soketi ya ukumbini. Mia mbili ishirini na nane. Mita ikatoa kimuziki chake. Mama wa vifaranga akaitazama kwa mashaka.

"Sasa hapo unapima nini?" Meneja aliuliza. "Tatizo si liko bafuni?"

"Naangalia kama mita inasoma."

"Shemeji, unapima nyumba au unaipima zawadi yangu?" Alicheka, akamgeukia mama. "Nimemnunulia mimi. Haamini bado."

Mama naye akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu wafike. Fundi alihisi masikio yakipata moto. Akachukua kistuli, akaingia bafuni, akafungua kifuniko cha hita ya kuogea iliyokuwa juu ukutani. Meneja alimmulikia kwa simu. Fundi akagusisha ncha kwenye skrubu za waya.

Sifuri.

Akagusisha tena. Sifuri. Alijua anachotakiwa kufanya. Ashuke, arudi ukumbini, apime ile soketi tena. Ni hatua chache tu. Alimtazama Meneja mlangoni, shati lake jeupe, uso wake uliojaa fahari na subira inayoanza kuisha.

"Si sifuri hiyo?" Meneja alisema. "Naiona mpaka huku. Fanya kazi, shemeji, mama wa watu ana shughuli zake."

Akiteremka sasa, ni sawa na kusema mbele ya mteja kwamba haiamini. Ameshasema mara moja, na mara moja imetosha kuchekwa. Akaona haya. Akaitia mita mfukoni, akashika bisibisi, na mkono wa kushoto akauweka kwenye waya.

Ile breka ya "bafu" ilikuwa ya taa. Ya hita ilikuwa imeandikwa "jiko la zamani", kwa mkono wa fundi ambaye huenda alikwisha kufa. Umeme ulimkamata begani, ukamtikisa, ukamtupa. Alianguka na kistuli chake, paji la uso likagonga ukingo wa sinki, mkono wa kulia ukabaki chini ya mwili.

Meneja hakusogea. Simu yake iliendelea kumulika ukutani pasipo na mtu. Aliyekimbia ni mama wa vifaranga. Alikimbia ukumbini, akaishusha swichi kuu, nyumba nzima ikanyamaza na mashine ya mayai pamoja nayo. Kisha akarudi, akapiga magoti bafuni na kumshika Fundi kichwa.

"Baba. Baba, unanisikia?"

"Nakusikia," Fundi alisema. "Mayai yako."

"Achana na mayai."

*

Kwenye zahanati walimshona juu ya jicho na kumfunga mkono uliotegulika. Daktari alisikiliza moyo wake kwa muda mrefu, akamwambia amshukuru Mungu, kisha akamuuliza kazi yake. Aliposikia, alinyanyua nyusi tu na kuendelea kuandika. Fundi angependelea atukanwe.

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Jirani wa kwanza alileta pole. Wa pili alileta pole na swali. Mama mkwe alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama bandeji.

"Mwanangu, si unasema wewe ni fundi wa umeme?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa umeme umekupigaje?"

"Ilitokea bahati mbaya, mama."

"Mimi sina hata darasa la umeme na haujanipiga siku moja," mama mkwe alisema, kwa huruma kabisa, na hakuelewa kwa nini Fundi aligeukia ukutani.

Kesho yake, akiwa bado amelala, alisikia sauti ya Meneja uani. Mama Pacha alikuwa kibarazani anamsuka mteja, na Meneja alikuwa anamweleza huyo mteja, na jirani aliyesimama kwenye ua, jinsi mambo yalivyokuwa.

"Mita ilisoma vizuri. Niliiona kwa macho yangu. Ni haraka tu. Alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, anapima hapa, anapima pale. Ukishakuwa na wasiwasi, kazi za umeme si zako."

Fundi alisubiri sauti ya mkewe ipoze mambo, kama kawaida.

"Kaka," Mama Pacha alisema, "shika hapa."

"Nishike nini?"

"Shika huu msuko usifumuke. Nakuja."

Aliingia ndani, akaichukua mita kwenye suruali ya mumewe iliyotundikwa, akamtazama mumewe. Macho yake yalikuwa yamevimba. Fundi hakujua kama ni kwa kulia au kwa kutolala.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?" alisema. "Kwa maana mimi nikianza, leo tunahama."

Fundi aliinuka. Kichwa kilimgonga. Alitoka akiwa na bandeji yake na vesti, watu wote wakamtazama, Meneja akiwa bado ameshika msuko wa mteja kwa vidole viwili, mbali na shati lake.

"Shemeji," Fundi alisema. "Ile mita ni mbovu. Nilijua tangu siku uliyonipa."

Meneja aliuachia msuko. "Mbovu? Nimeijaribu kwenye betri ya gari."

"Kajaribu tena."

Meneja aliichukua mita mkononi mwa dada yake, akaenda nayo kwenye gari lake, akafungua boneti, watu wote wakimfuata kwa macho. Ikasoma kumi na mbili na pointi. Akainua kichwa. "Haya. Sasa?"

"Pinda ule waya mweusi, hapo kwenye selotepu."

Meneja aliupinda. Alitazama kioo cha mita. Akaunyoosha, akaupinda tena, na tena, kama mtu anayejaribu ufunguo ambao jana ulifungua. Hata jirani wa kwenye ua alitazama pembeni.

"Ulijua," Meneja alisema hatimaye.

"Nilijua."

"Na ukapanda pale juu."

"Niliona haya, shemeji. Ulikuwa umesimama pale, nikaona haya."

Meneja alifunga boneti. Alionekana mdogo kuliko alivyokuwa, au ni lile shati tu lililokuwa limetoka kwenye suruali. "Nilitoa hela nyingi kwenye hii kitu," alisema, si kwa kulaumu. Alisema kama anayejieleza polisi. "Yule mtu namjua. Tumekula naye." Kisha akaingia garini na mita, akaondoka.

*

Siku zilizofuata hakupita mlangoni asubuhi. Salamu zake za "fundi mkuu" zilikatika, na Fundi, aliyezichukia siku zote, akajikuta anasikiliza kama viatu vyake vinakuja. Mama mkwe alikuwa anavuka uwanja mara nyingi bila sababu, akiangalia huku na huku. Mama Pacha alianza kuulizia vyumba kwa wateja wake, kwa chinichini, huku akiwasuka.

"Cha yule mama wa kona kina dirisha moja tu," alimwambia mumewe. "Choo cha kushirikiana."

"Tutazoea."

"Sema usikasirike. Afadhali choo cha kushirikiana kuliko kukuzika kwa heshima ya kaka yangu."

Fundi hakukasirika. Alikuwa anajizoeza kukunja na kukunjua vidole vya mkono ulioumia, anawaza kwamba mteja wake wa pekee kwa vyovyote ameshapata mtu mwingine.

Asubuhi moja mlango uligongwa. Meneja alikuwa amesimama nje, hajanyoa ndevu.

"Yule mtu amekataa kuirudisha," alisema bila salamu. "Anasema nimeivunja mwenyewe. Mimi. Amenitukana mbele ya vijana wake, ameniuliza kama najua hata mita inashikwa upande gani." Alivuta pumzi. "Vaa viatu. Unionyeshe ile uliyokuwa unaitaka."

"Shemeji, si lazima."

"Najua si lazima. Vaa viatu."

Mama Pacha alitoka chumba cha pili, na kitambaa kilichofungwa fundo mkononi. Ilikuwa hela ya chumba cha kona. Alimpa mumewe mbele ya kaka yake, bila kuificha. "Hii ni ya kuongezea," alisema. "Isije ikasemwa ni zawadi."

Meneja aliitazama ile hela, akatangulia kutoka.

Dukani, mwenye duka aliweka kikombe chini. Alimtazama Fundi, akaitazama bandeji, akamtazama Meneja.

"Huyu ndiye wa kwenye simu?"

Meneja alikohoa. "Ndiye."

"Karibu kwa wezi."

"Ahsante," Meneja alisema. Ndilo jibu alilolipata.

Mita ya kijivu ikatolewa. Fundi aliifungua nyuma, akaiona fyuzi, akazipinda nyaya kila mahali zinapoweza kupindwa huku ncha zikiwa kwenye soketi. Namba haikutikisika. Alizima, akawasha, akarudia. Mwenye duka alianza kugonga kaunta kwa kidole. Meneja naye alikuwa anaikagua ile mita kwa jicho la mtu anayetaka sana kukaa kimya.

"Haina hata tochi?" aliuliza mwishowe.

"Haina."

"Wala muziki?"

"Wala muziki, shemeji."

"Na bei yote hii," Meneja alisema, akatoa pochi. Alipunguziwa kidogo sana, na kwa namna alivyolalamika mpaka mlangoni, Fundi alijua kwamba huenda yaliyokuwa kati yao yatakwisha.

*

Mama wa vifaranga hakuwa amepata mtu mwingine. Aliwafungulia, akamshika Fundi kidevu na kukigeuza ili aone mshono, akauliza mkono unaendeleaje, na baada ya hapo akawa na hasira tena kama zamani. Mayai kadhaa yalikuwa yameharibika siku ile. Mengine yalikuwa yameanza kupasuka jana yake, kwa hiyo umeme wa chumba kile usiguswe kabisa, hata kwa dakika.

Fundi alitumia muda mrefu kwenye boksi. Alizima breka moja moja, Meneja akiwa bafuni anamwambia kitaa cha testa kwenye bomba kimezimika au bado. Walipoifikia "jiko la zamani" Meneja alisema, "Hii." Fundi alibandua karatasi ile, akaandika upya kwa mkono wa kushoto, herufi zikaenda upande.

Mkono wake ulikuwa bado hauna nguvu, kwa hiyo Meneja alimshikia mita. Aliishika kwa mikono miwili, kifuani, uso wake umekauka. Fundi alipima soketi ya ukumbini. Mia mbili thelathini na moja. Akapanda kwenye kistuli taratibu, akagusisha ncha kwenye skrubu za hita.

"Inasemaje?"

"Sifuri," Meneja alisema. Akaitazama namba tena, akarudia. "Sifuri."

Fundi akashuka. Akapita katikati yao, akaelekea ukumbini, nyaya zikimvuta Meneja nyuma yake.

"Sasa mnakwenda wapi tena?" mama wa vifaranga aliuliza. "Hapo si mmeshapapima? Na kaka umesikia kasema ni sifuri. Mimi nina vifaranga wanatoka, baba, hatuwezi kushinda tunazunguka na soketi moja."

Fundi alisimama. Alijua kabisa cha kumjibu, lakini maneno yalikuwa yanachelewa, kama yalivyochelewa siku ile.

"Mama," Meneja alisema. "Mwache apime." Hakumwangalia mama, alikuwa anakiangalia kioo cha mita. "Siku ile ni mimi niliyemharakisha. Nusura tumzike."

Mama akawapisha. Fundi akachomeka ncha kwenye soketi.

"Mia mbili thelathini na moja," Meneja alisoma.

Walirudi bafuni. Meneja alikiweka kistuli sawa, akakijaribu kwa mguu, akakijaribu tena, na Fundi alipopanda na kuuweka mkono kwenye waya, shemeji yake alikuwa amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma, kwa nguvu zote, na hakuuachia mpaka kazi ilipokwisha.